Masanduku Sita na Siri ya Nyanya

Siri ya mtungi muulize kata, walinena wahenga. Nami naongeza: siri ya kura muulize mpiga kura mwenyewe, na akikataa kukwambia, mwache aende zake kwa amani. Hilo ndilo jambo ninalotaka kuwaeleza wanachama wenzangu, pamoja na walimu wetu wapendwa, katika kurasa hizi.

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo. Hoja ilikuwa hii: "Wapiga kura wa Nakuru Mjini Magharibi hupiga kura kwa kabila." Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Kama mjuavyo, msemaji hupewa dakika tano tu, na mtunza saa wetu hana huruma hata chembe. Kengele ililia nikiwa bado natayarisha koo. Watetezi wakashinda, wakapigiwa makofi, nasi tukaenda kula maharagwe. Sina kinyongo nao. Lakini yale niliyotaka kusema yamekuwa yakinikaba kooni tangu siku ile, na heri niyatoe hapa ambapo hapana kengele.

Watetezi walikuwa na silaha moja kali, nayo ni kura ya urais. Walitukumbusha kwamba mwaka 2013 Kaunti ya Nakuru iliimiminikia Jubilee, kwa kuwa viongozi wa jamii mbili kubwa za kaunti walikuwa wameshikana mikono papa hapa mjini, katika uwanja wa Afraha, tarehe 2 Desemba 2012. Wakatukumbusha tena kwamba mwaka 2022 kaunti yetu ilimpa William Ruto takriban theluthi mbili ya kura zake. "Hiyo ni hesabu ya kabila, wala haihitaji kalkuleta!" alisema msemaji wao wa kwanza, na darasa zima likaangua kicheko.

Mambo hayo ni kweli. Sikuyapinga siku ile na siyapingi leo. Ninachosema ni kwamba wenzetu walifungua sanduku moja wakayaacha matano.

Kwa wale ambao hawajawahi kuchungulia, mpiga kura wa Kenya tangu mwaka 2013 hupewa karatasi sita, na mbele yake kuna masanduku sita yenye vifuniko vya rangi mbalimbali. Cheupe ni cha rais, cha samawati ni cha gavana, cha manjano ni cha seneta, cha kijani ni cha mbunge, cha zambarau ni cha mwakilishi wa wanawake, na kile cha rangi ya mchanga ni cha mwakilishi wa wadi. Wanasiasa humwomba mwananchi awape zote sita kwa chama kimoja. Zamani, karatasi zilipokuwa tatu tu, yaani rais, mbunge na diwani, waliita jambo hilo kupiga suti: koti, suruali na kizibao, vyote kitambaa kimoja. Siku hizi wanasema "six-piece".

Hapa kwetu suti imewahi kushonwa na kuvaliwa. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, wimbi la FORD-Asili la Kenneth Matiba lilipita Nakuru kama mafuriko. Nakuru Mjini wakati huo kilikuwa kiti kimoja, na mbunge aliyechaguliwa, Joseph Lwali-Oyondi, aliingia Bungeni kwa tikiti ya chama hicho hicho. Baadaye mji ulikua, na kabla ya uchaguzi wa 2013 kiti kikagawanywa mara mbili, Mashariki na Magharibi. Sisi tuko Magharibi, penye wadi za Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. (London hii si ile ya Uingereza. Hii yetu ina vumbi.)

Sasa tazameni kilichotokea. Mwaka 2013, kaunti ilipokuwa imevaa Jubilee toka kichwani hadi kwenye visigino, Nakuru Mjini Magharibi ilimchagua Samuel Arama wa ODM, chama cha upande wa pili kabisa. Mwaka 2017 alirudi na Jubilee, akapita. Mwaka 2022 upepo ukageuka, UDA ikachukua ugavana kwa Susan Kihika, useneta kwa Tabitha Karanja na uwakilishi wa wanawake kwa Liza Chelule. Arama alibaki Jubilee, na wapiga kura wa Magharibi wakamchagua tena. Jirani zetu wa Bahati nao wakamchagua Irene Njoki wa Jubilee katika mwaka uo huo wa UDA. Koti la kitambaa kimoja, suruali ya kingine!

Najua watetezi watasema, "Aa, hizo kura zilikuwa zimegawanyika tu." Ni kweli kwamba katika kiti cha ubunge anayeongoza hata kwa kura moja ndiye mshindi, na jamii kubwa ikisimamisha wagombea wengi hujinyang'anya yenyewe. Lakini hata hilo linatuonyesha kitu. Watu wanaodaiwa kutembea kama kondoo nyuma ya mchungaji mmoja, walipofika kwenye kifuniko cha kijani walitawanyika, kila mtu na njia yake. Sasa kabila lilikuwa limekwenda wapi? Lilikuwa limelala?

Kwa maoni yangu, lilikuwa macho. Ila watu wa mtaa wetu wana sababu mbili za kupiga kura. Ile karatasi ya rais hupigwa na hofu, maana aliye mbali hujulikana kwa jina na kwa ukoo. Zile nyingine hupigwa na macho, maana mgombea umemwona, unajua alikuja mazishini au hakuja, unajua barabara ya kwenu ina mashimo mangapi. Na ili macho yaweze kufanya kazi yake, ni lazima mtu awe na hakika kwamba hakuna anayemchungulia. Hapo ndipo anapoingia Nyanya yangu.

Nyanya anaishi Kaptembwo, katika ploti yenye vyumba kumi na viwili, bomba moja la maji na jirani wa kila aina. Anauza sukuma wiki, nyanya na omena katika kibanda kando ya barabara. Sitawaambia kabila lake. Nikiwaambia, mtaanza kumhesabia kura zake, na yeye hataki.

Alipokuwa kijana alishuhudia uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988. Wakati huo KANU ilikuwa peke yake, na katika mchujo wake hapakuwa na karatasi wala kijumba cha siri. Wanachama walipanga foleni nyuma ya mtu aliyeinua picha ya mgombea, mchana kweupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura nyingine. Nyanya husema, "Mlolongo ulikuwa na macho mengi. Unasimama hapa, mwenye nyumba wako amesimama kule, anakuangalia tu. Hasemi kitu. Mwisho wa mwezi ndio anasema." Mwisho wa mwezi ule, wao walitafuta chumba kingine. Malalamiko ya Wakenya yalikuwa mengi kila pembe hadi mlolongo ukafutwa mwishoni mwa mwaka 1990.

Basi ungefikiri kwamba tangu hapo Nyanya alikuwa na siri yake. La hasha! Nyanya hakuwahi kukanyaga darasa. Sheria humruhusu asiyejua kusoma asaidiwe, na asipokuwa na mtu wake wa kumsaidia, msimamizi wa kituo humtilia alama mbele ya mawakala wa wagombea, ambao wametakiwa kufunga midomo yao. Tarehe 27 Desemba 2007 Nyanya alikwenda peke yake. Akaulizwa, "Mama, unataka nani?" Akataja. Akaulizwa wa pili, akataja. Wa tatu, akataja. Jioni ile ile, alipokuwa akipanga omena kibandani, mama mmoja alipita na kumwambia kwa sauti ya juu, "Kumbe wewe uko upande ule!" Mdomo gani ulifunguka, hatukujua. Ila ulifunguka.

Mnajua yaliyofuata. Mwisho wa Januari 2008 moto uliwaka Nakuru na Naivasha. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini mama yangu amenisimulia jinsi walivyotoka usiku na magodoro kichwani hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako maelfu ya watu walikuwa wamelala kwenye hema. Kibanda cha Nyanya kilichomwa. Kilichomchoma yeye zaidi ya moto ni kwamba baadhi ya watu waliokuwa na madeni yake ya mboga walikataa kulipa, wakisema, "Wewe si ulipiga kule? Nenda ulipwe na hao." Aliporudi mtaani alianza upya na debe moja la omena. Uchaguzi wa 2013 hakwenda. Wa 2017 hakwenda. Akiulizwa husema, "Mimi sina siri, na asiye na siri asipige kura."

Mwaka 2022 nilikuwa darasa la saba. Jioni moja ya mwezi wa Mei Nyanya aliniita, akafunga mlango, akanionyesha gazeti la kufungia omena.

"Wewe si uko shule?" aliniuliza.

"Ndiyo, Nyanya."

"Basi nifundishe kusoma majina ya hawa watu."

Moyo wangu ulinienda mbio kwa furaha. Nikamwuliza anataka kuanza na nani, ili tusipoteze wakati. Alinitazama kama anayemtazama mteja anayebinyabinya nyanya bila kununua.

"Wee mtoto! Nikikwambia nianze na nani, utakuwa umejua. Nifundishe wote."

Wapenzi wasomaji, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Wagombea wa urais walikuwa wanne: marehemu Raila Odinga, William Ruto, George Wajackoyah na David Mwaure. Hao tuliwamaliza kwa wiki mbili, ingawa Raila na Ruto wote huanza kwa R na walimsumbua. Ugavana ndio ulikuwa mlima. Kihika na Kinyanjui, majina mawili makubwa, yote yanaanza kwa Ki! Ilibidi Nyanya avuke herufi mbili za kwanza kabla ya kujua kama amefika kwa huyu ama kwa yule. "Hawa walikubaliana kunitesa," alisema. Tukaenda kwa seneta, kwa mbunge, kwa mwakilishi wa wanawake, kwa wadi. Nilikata alama za vyama kutoka kwenye mabango na magazeti, wilbaro ikiwa miongoni mwazo, nikazibandika kwenye kadibodi. Kila usiku baada ya ugali tulikaa kando ya taa, yeye akifuata herufi kwa kidole chenye mikwaruzo ya kisu cha sukuma. Nilimfundisha pia kutia alama moja tu ndani ya kisanduku kimoja, isitoke nje, kwani alama ikikosa kueleweka kura hukataliwa. Miezi miwili na zaidi, na sikuona hata mara moja kidole chake kikikawia kwenye jina fulani kuliko jingine. Mwalimu mzima, nikabaki sijui mwanafunzi wangu anampenda nani!

Tarehe 9 Agosti 2022 tuliondoka kabla ya majogoo. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini foleni ilikuwa tayari imezunguka ua wa shule ya msingi kama nyoka. Mimi niliachwa langoni. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe. Mtambo wa kutambua alama za vidole ulikataa kidole chake mara ya kwanza, maana vidole vya mtu wa kazi huisha makali. Akapangusa kwa leso, akajaribu kingine, mtambo ukakubali. Akapewa karatasi sita. Karani mmoja kijana, kwa nia njema, akamwambia, "Shosho, ngoja usaidiwe." Nyanya akamjibu, "Sijaomba."

Akaenda peke yake. Akakaa humo muda mrefu hadi watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Kisha akatoka, akatia kila karatasi kwenye sanduku la rangi yake, kidole kikapakwa wino, akaja langoni akitembea kama mtu aliyetoka kulipwa deni la miaka.

"Nyanya, ilikuwaje?"

"Yale majina ya Ki yalikuwepo."

Hakuongeza neno. Nami nikaelewa nisiulize.

Siku ya pili yake nilikwenda na binamu yangu kwenye shule ile. Baada ya kura kuhesabiwa, msimamizi wa kituo hubandika nakala ya matokeo mlangoni, na ya urais huitwa Fomu 34A. Kila chumba kilikuwa na karatasi zake, na watu walikuwa wamesongamana wakizisoma na kupiga picha kwa simu. Nilifika kwenye mlango wa chumba alichopigia Nyanya, nikasoma toka juu hadi chini. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu mawili jambo nililoshindwa kulieleza kwa dakika tano: kambi iliyoongoza katika karatasi ya urais siyo iliyoongoza katika karatasi ya ubunge. Chumba kimoja, foleni moja, watu wale wale, asubuhi ile ile.

Lakini nilisikia pia jambo lililonitia baridi. Mgombea mmoja wa urais alikuwa amepata kura chache tu katika chumba kile, na wanaume wawili nyuma yangu walikuwa wakizijadili.

"Hawa ni nani?"

"Si unawajua? Anza na wale wa ploti ya kona."

Walikuwa wakihesabu kwa majina! Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na watu wa mtaa hujuana. Kumbe hata siri iliyofungwa kwenye sanduku inaweza kuwindwa na watu wenye muda mwingi. Nilikimbia nyumbani nikamweleza Nyanya. Alikuwa akimpimia mteja omena kwa mkebe, hakuinua kichwa.

"Wacha wahesabu," alisema. "Mwaka ule walikuwa wameambiwa. Mwaka huu wanakisia. Mtu anayekisia anaogopa kukosea."

Siku sita tulisubiri. Maduka mengi yalifungwa nusu mlango, watu walinunua unga wa ziada, na baadhi ya jirani zetu walikuwa wamesafiri na watoto tangu Julai. Tarehe 15 Agosti Wafula Chebukati alitangaza kwamba Ruto ameshinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikathibitisha. Katika ploti yetu kulikuwa na waliofurahi na walionuna, lakini hakuna godoro lililobebwa. Wale wanaume walikuja kibandani, wakamchokoza Nyanya, "Shosho, wewe ulikuwa wapi?" Akawaambia, "Nilikuwa kwenye foleni, kama nyinyi." Wakacheka, wakanunua sukuma ya shilingi ishirini, wakaenda zao. Na safari hii hakuna aliyekataa kulipa deni.

Sasa rudini kwenye hoja ya mdahalo. Mtu anaposema kwamba watu wa Nakuru Mjini Magharibi hupiga kura kwa kabila, anadhani amesema jambo la ujuzi. Kumbe ndiye yule mama wa mwaka 2007: "Kumbe wewe uko upande ule!" Kabla hujafungua mdomo, ameshakutilia alama yako. Na ukishajua kwamba umeshahesabiwa, unaona faida gani kuchagua kwa macho yako? Bora ukae na wenu, maana ndio watakaokubebea godoro. Ndivyo maneno yetu wenyewe yanavyolipa kabila kura ambazo pengine lisingezipata.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne. Uchaguzi ujao umepangwa kuwa tarehe 10 Agosti 2027, na wengi wetu tutakuwa tumetimiza miaka kumi na minane. Tuchukue vitambulisho mapema, tujiandikishe, tusingoje dakika za mwisho. Nyumbani kwenu kama kuna babu, nyanya ama shangazi asiyejua kusoma, mfundisheni majina yote, siyo lile mnalolipenda ninyi. Ukimfundisha moja umempigia kura. Ukimfundisha yote umempa siri. Nyanya yangu hakuishia hapo. Siku hizi husoma ujumbe wa M-Pesa mwenyewe, na mteja akisema ametuma pesa kumbe hajatuma, hulijua jambo hilo papo hapo.

Na mkitoka kituoni mwaka huo, mkiwa na wino kidoleni, msiulizane, "Umempigia nani?" Ulizaneni foleni ilikuwa ndefu kiasi gani. Salamu hiyo inatosha majirani.